"Siku mbili tu" si sababu ya kuacha dawa nyumbani

Na Daktari Wetu

KATIKA chumba cha daktari kuna maneno matatu ambayo huleta madhara makubwa kuliko yanavyosikika: "Siku mbili tu." Mwenye shinikizo la damu anakwenda harusini Kampala na tembe zake zinabaki kabatini, kwa kuwa ni siku mbili tu. Mwenye kisukari anapanda ndege kwenda Zanzibar bila mashine yake ya kupima sukari, kwa kuwa Jumapili jioni atakuwa amerudi kwake. Wengi hurudi salama. Baadhi hurudi wakiwa wagonjwa, na wachache hujikuta katika hospitali ya ugenini ambako hakuna anayejua wanatumia dawa gani.

Watu wa mijini siku hizi wanapenda safari hizi fupi, na hakuna ubaya. Kutoka Nairobi hadi Addis Ababa, kwa mfano, ni mwendo wa takriban saa mbili kwa ndege. Unaweza kufunga ofisi Ijumaa, ukala chakula cha usiku Ethiopia, ukatembelea mji Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi ukawa kazini kama kawaida.

Mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya upili tulifanya safari ya namna hiyo. Yeye ni mwalimu mwenye umri wa miaka 47, na ameishi na kisukari kwa miaka 11. Hujidunga insulini asubuhi na jioni, na humeza tembe za shinikizo la damu kila siku. Ameniruhusu nieleze yaliyompata ili yawafae wengine, mradi nisitaje jina lake.

Safari fupi, kazi nyingi

Watu hudhani safari ya siku mbili ni nyepesi kwa mwili kuliko ya majuma mawili. Mara nyingi ni kinyume. Anayekaa majuma mawili hupumzika siku ya kwanza, huzoea hewa na chakula, na hutembea kidogo kidogo. Mwenye siku mbili anataka kuona kila kitu. Hulala kwa kuchelewa, huamka mapema, hula saa zisizo zake na hutembea kilomita nyingi kuliko anazotembea nyumbani kwa wiki nzima. Mwili wenye afya huvumilia hayo. Mwili wenye maradhi hauna likizo.

Kwa sababu hiyo, maandalizi yetu yalianza mapema. La kwanza lilikuwa chanjo ya homa ya manjano. Kenya na Ethiopia zote zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na kadi ya chanjo inaweza kuulizwa unapoingia na unaporudi. Chanjo huhesabiwa kuwa na nguvu siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo anayekwenda kuchanjwa siku ya kusafiri amechelewa. Tangu Julai 2016, cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kadi ya zamani inasema miaka 10. Mwenye kinga dhaifu, mama mjamzito na aliyepita miaka 60 wazungumze na daktari kwanza.

La pili lilikuwa dawa. Rafiki yangu alitaka kuacha tembe zake za kupunguza maji mwilini. "Daktari, hizo zitanitafutisha choo mji mzima. Nitaendelea nazo Jumatatu," aliniambia. Malalamiko hayo ni ya kweli na nimeyasikia kwa wagonjwa wengi. Lakini jibu si kuacha dawa. Mwulize daktari wako kama unaweza kubadilisha saa ya kuimeza. Yeye alikubaliana na daktari wake kwamba aimeze alfajiri, mapema kabla ya kutoka hotelini.

Insulini haiwekwi kamwe katika sanduku linalopakiwa tumboni mwa ndege. Sanduku linaweza kupotea, na baridi ya huko inaweza kuigandisha dawa na kuiharibu. Beba insulini, sindano na mashine ya kupima sukari katika mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari inayotaja dawa hizo. Beba kiasi kinachotosha mara mbili ya siku zako, maana ndege huahirishwa. Mkiwa wawili, gawaneni: nusu kwako, nusu kwa mwenzako. Mkoba mmoja ukiibwa, dawa haijaisha.

Mji ulio juu

Nairobi iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Addis Ababa iko karibu mita 2,400. Mkazi wa Nairobi huenda asihisi tofauti kubwa, labda kichwa kumwuma kidogo au pumzi kumwisha anapopanda ngazi. Anayetoka Mombasa au Kisumu atahisi zaidi. Usiku wa kwanza ni wa kulala mapema, kunywa maji ya kutosha na kuacha pombe. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu amwone daktari wake kabla ya kununua tiketi.

Jumamosi asubuhi tulichukua gari kwenda Entoto, mlima ulio kaskazini mwa mji. Mfalme Menelik II alikuwa na makao yake huko kabla mji haujaanzishwa chini, penye chemchemi za maji moto, mwaka 1886. Mlima umefunikwa na mikaratusi, na kilele chake kinapita mita 3,000. Hewa ya huko ni nyepesi na upepo ni wa baridi.

Rafiki yangu alikuwa amejidunga insulini na kunywa chai kwa kipande cha mkate, akitarajia kula vizuri tukifika juu. Gari letu lilinaswa katika msongamano. Tulipoanza kutembea kuelekea kanisa la Maryam, ilikuwa inakaribia saa tano. Baada ya hatua chache alianza kuhema. Nilipomtazama, uso ulikuwa umelowa jasho ilhali mimi nilikuwa nimejifunga shali kwa baridi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka.

"Ni mlima huu tu, dada," alinijibu kwa ukali usio wa kawaida yake. "Niache nipumzike."

Tulipima sukari papo hapo. Mashine ilionyesha 3.1, chini ya kiwango cha 4 ambacho mwenye kisukari anayetumia insulini hapaswi kushuka. Alikunywa nusu chupa ya soda yenye sukari. Dakika 15 baadaye tulipima tena, ikawa 4.8. Hapo ndipo akala ndizi na mkate.

Ndugu msomaji, hapa pana fundisho kubwa. Mwinuko huleta kuhema, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Sukari ikishuka huleta jasho, kutetemeka, njaa, hasira zisizo na sababu na kuchanganyikiwa, na moyo pia huenda mbio. Mambo haya hufanana, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kutambua. Usikisie. Pima. Kama huna mashine, mpe sukari kwanza: vijiko vitatu vya chai katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Sukari kuzidi kidogo kwa saa moja haiui. Sukari kushuka sana inaweza kuua. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Kwa hiyo kila anayesafiri na mwenye kisukari, awe daktari au la, azijue dalili hizo kabla ya kuondoka. Aidha, kuna kanuni moja kwa anayetumia insulini na chakula: usijidunge kabla hujakiona chakula chenyewe mezani, tena cha kutosha.

Hilo linahitaji kujua saa. Ethiopia iko katika majira yale yale ya Afrika Mashariki, kwa hivyo wakati wa dawa haubadiliki. Tena Waethiopia huhesabu saa kama sisi katika Kiswahili: jua likichomoza, hesabu inaanza upya. Wageni kutoka Ulaya hutatizika, sisi tunajisikia nyumbani. Hata hivyo tiketi ya ndege hufuata saa za kimataifa, na dereva aliyezoea watalii anaweza kukutajia saa kwa hesabu ya Kizungu. Muulize waziwazi.

Mezani

Ijumaa ni siku ya kufunga kwa Wakristo wa Othodoksi nchini Ethiopia, kama ilivyo Jumatano, na wafungao hawali nyama, maziwa wala siagi. Hivyo chakula chetu cha kwanza kilikuwa injera na dengu, shiro, kabichi na mboga nyingine. Kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari, chakula hicho ni kizuri, ila injera ni wanga kama ugali. Hesabu unachokula, maana sinia ni moja na ni rahisi kupitiliza.

Mwenyeji wako anaweza kukulisha tonge kwa mkono wake. Desturi hiyo huitwa gursha, nayo ni heshima. Ipokee, mradi mikono imenawiwa. Penye tahadhari ni nyama mbichi. Kitfo ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikachanganywa na siagi na viungo, na kwa kawaida huletwa mbichi. Nyama mbichi ya ng'ombe inaweza kuwa na vijitegu ambavyo hukua tumboni mwa mtu na kuwa mnyoo wa mita kadhaa. Agiza iliyopikwa kabisa, inayoitwa yebesele. Ile inayoitwa leb leb imepashwa moto kidogo tu, na haitoshi.

Kahawa nayo, nchi hiyo ikiwa ndiyo asili yake, hunywewa kwa utaratibu wa vikombe vitatu: abol, tona na baraka. Wenye shinikizo la damu wasiodhibitiwa vizuri watosheke na kimoja. Wenye kisukari waseme mapema kwamba hawataki sukari.

Miguu

Jumamosi mchana tulikwenda Makumbusho ya Taifa kumwona Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinkinesh. Mifupa yake ilichimbuliwa Hadar, katika eneo la Afar, mwaka 1974. Aliishi miaka milioni 3.2 iliyopita na tayari alikuwa akitembea kwa miguu miwili. Mifupa inayoonyeshwa kwa watazamaji ni nakala. Kutoka hapo tulikwenda Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, alikozikwa upya Mfalme Haile Selassie mwaka 2000. Humo huingii na viatu, na rafiki yangu aliingia na soksi safi nene. Mwenye kisukari asitembee peku hata ndani ya nyumba ya Mungu.

Usiku ule, kabla ya kulala, alikagua miguu yake kama anavyofanya kila siku. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia palikuwa na lengelenge kubwa kama punje ya maharagwe. Hakuwa amehisi chochote. Viatu alivyovaa alikuwa amevinunua wiki ile kwa ajili ya safari.

Kisukari cha muda mrefu hudhoofisha neva za miguu, na maumivu, ambayo ndiyo mlinzi wa mwili, huondoka. Lengelenge hupasuka, uchafu huingia, damu haifiki vizuri, na kidonda kisichouma hufika kwa daktari kikiwa kimeoza. Nimewaona watu waliokatwa mguu kwa jambo lililoanza na kiatu kipya.

Hatukulitumbua. Alilisafisha kwa maji na sabuni, akalikausha na kulifunika kwa bendeji safi. Jumapili alivaa raba zake za zamani, na mpango ukabadilika. Merkato, soko kubwa ambalo alikuwa akililia tangu Nairobi, tulilitazama kutoka dirishani mwa gari. Africa Hall, ambako Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa Mei 1963, tuliiona bila kutembea sana. Alinung'unika, lakini Jumatatu alikwenda kliniki na daktari wake alimpa dawa na kumfuatilia hadi ngozi ikapona.

Baada ya kurudi

Ukiwa ulikula nyama mbichi na miezi miwili mitatu baadaye ukaona vipande vyeupe bapa katika choo, mwone daktari. Dawa ya tegu ipo na huponya. Ukipata homa, taja kila mahali ulipofika. Addis Ababa yenyewe haina malaria kwa sababu ya mwinuko, lakini sehemu za chini za nchi hiyo zinayo, na kwetu ipo pia. Ukiharisha nawe unatumia insulini, usiiache kwa sababu huli. Pima sukari mara kwa mara na utafute ushauri siku hiyo hiyo.

Kwa mwenye maradhi ya kudumu anayepanga safari ya wikendi, haya ndiyo ya kukumbuka:

• Dawa zote ziende, mara mbili ya siku zako, katika mikoba miwili ya mkononi.
• Mwenzako ajue ugonjwa wako, dawa zako na dalili za hatari.
• Uliza kampuni ya bima kama malipo yanavuka mpaka.
• Beba kitu chenye sukari mfukoni, si hotelini.
• Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, na ukague miguu kila usiku.
• Chagua mambo machache ya kuona, na uache nafasi ya kula kwa wakati.

Rafiki yangu ameshaanza kuweka akiba ya kurudi Addis Ababa kuitembelea Merkato kwa miguu yake mwenyewe. Ninamwamini, kwa sababu miguu yote miwili anayo.