Bunduki Nyepesi ya Kuwindia Koyote (Sehemu ya Pili): Uzito Upunguzwe Wapi, Ubakizwe Wapi

Wiki iliyopita makala haya yalimweleza koyote mwenyewe: mnyama wa jamii ya mbwa, mkubwa kidogo kuliko bweha wa Serengeti, ambaye katika majimbo ya magharibi ya Marekani huwa na uzito wa kilo 9 hadi 16 hivi. Zilitajwa pia sababu zinazowafanya wafugaji wa kondoo wa Wyoming na Montana wamchukie, hasa majira ya kondoo kuzaa. Leo ni zamu ya bunduki.

Hesabu ya uzito haianzii dukani. Inaanzia kwenye namna koyote anavyowindwa. Mwindaji hamfuati mnyama huyu, humwita. Huficha pikapu nyuma ya kilima, hutembea robo saa au zaidi huku upepo ukimpiga usoni, huketi na kuegemea kichaka, kisha hupuliza kipenga kinachoiga kilio cha sungura aliyejeruhiwa. Siku hizi wengi hutumia kipaza sauti cha betri chenye kilio hichohicho. Zikipita dakika 15 au 20 bila dalili yoyote, huinuka, hurudi garini, husogea kilomita kadhaa na kuanza upya. Kwa siku moja ya baridi anaweza kuita mahali kumi, kwenye theluji na mabonde ya nyanda za juu. Bunduki ya kulengea shabaha yenye mtutu mnene, ambayo pamoja na darubini hufika kilo tano na nusu, ni tamu mezani. Ikishafika kituo cha sita begani, mwindaji huanza kuchagua vilima vifupi, na koyote hawakai kwenye vilima vifupi tu.

Hata hivyo wepesi una gharama, na wauzaji hawaitaji. Bunduki nyepesi hutikiswa na kila kitu: upepo, pumzi, hata mapigo ya moyo wa aliyeishika. Tena hupiga teke zaidi, kwa sababu nguvu ileile ya baruti inasukuma kitu kisicho na uzito wa kuipinga. Ukipunguza uzito wa bunduki kwa nusu, nishati ya teke lake huongezeka maradufu.

Kwa mwindaji wa koyote, tatizo la teke si maumivu ya bega. Tatizo ni macho. Bunduki ikiruka, darubini inapoteza picha, na aliyefyatua hajui kama risasi imempata mnyama, imepita juu, au imechimba vumbi mbele yake. Januari na Februari, wakati koyote wanapopandana, mara nyingi huja wawili. Asiyeona risasi ya kwanza ilipoangukia hawezi kusahihisha ya pili.

Ndiyo maana uchaguzi wa risasi hutangulia uchaguzi wa bunduki. Risasi ya .223 Remington, ndugu wa risasi ya jeshi ya bunduki ya M16, hurusha chuma cha gramu 3.6 kwa kasi ya karibu mita 990 kwa sekunde. Katika bunduki ya kilo tatu, teke lake ni kama juli 5. Ile ya .243 Winchester, iliyotoka mwaka 1955 na kupendwa na wawindaji wa paa, hurusha gramu 6.5 kwa mita 900 kwa sekunde, na teke lake katika bunduki hiyohiyo hukaribia mara tatu. Kati yao iko .22-250 Remington, iliyosanifiwa rasmi mwaka 1965, yenye kipenyo sawa na .223 lakini kasi inayozidi mita 1,100 kwa sekunde. Bunduki ikilengwa sawasawa kwa mita 180, .223 hushuka kama sentimita 18 ifikapo mita 275; .22-250 hushuka pungufu ya hapo kwa sentimita kadhaa. Na eneo la moyo na mapafu ya koyote halizidi sana upana wa kiganja.

Je, tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu aache .223? Kwa wanaopiga kwenye tambarare za Nevada, ambako mnyama husimama mbali na kutazama, inatosha. Kwa wengi wengine haitoshi, kwani koyote aliyeitwa vizuri hupigwa ndani ya mita 150.

Hoja ya risasi ndogo si mpya. Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, alijulikana kwa bunduki ndogo za milimita 7 wakati wenzake wakibeba mizinga. Aliua tembo zaidi ya 1,000, jambo ambalo leo linasikitisha. Lakini hoja yake ya kiufundi ilibaki: bunduki nyepesi huwahi begani, na risasi ndogo iliyowekwa mahali pake hushinda kubwa iliyokosea.

Sasa tukate uzito. Mahali pa kwanza ni urefu wa mtambo, yaani sehemu ya chuma inayobeba bolti na magazini. Risasi ya .223 ina urefu wa milimita 57 tu, lakini bunduki nyingi huiweka ndani ya mtambo uliotengenezwa kwa risasi za milimita 71. CZ 527, ya kiwanda kilekile cha Ucheki kilichotengeneza bunduki za Brno walizozizoea wawindaji wa Afrika Mashariki, ilijengwa kwa kipimo cha risasi hizi fupi. Uzalishaji wake umekoma, lakini zilizotumika bado zinatafutwa. Howa ya Japani nayo ina mtambo mdogo wa aina hiyo.

Mahali pa pili ni kitako. Kitako cha nyuzi za kaboni kinaweza kupungua nusu kilo kikilinganishwa na cha mbao nzito, na hakivimbi kwa unyevu. Melvin Forbes wa West Virginia alilionyesha hili miaka ya 1980, alipotumia vitako vya Kevlar kuunda bunduki za kilo mbili na robo hivi. Tatu ni darubini: wengi hununua bunduki ya kilo 2.9, kama Tikka T3x Lite ya Finland au Ruger American iliyoingia sokoni mwaka 2012, kisha huipachika darubini ya karibu kilo moja. Hapo fedha za wepesi zimepotea.

Mtutu ndio unaopaswa kuguswa kwa tahadhari. Kuukata kutoka sentimita 61 hadi 51 huipunguzia .223 kasi ya takribani mita 30 kwa sekunde, hasara ndogo, hasa kama kiwambo cha sauti kitafungwa mbele. Kuukondesha ni habari nyingine. Uzito wa mbele ndio unaotuliza mikono ya mtu aliyepanda kilima mbio. Wanaoogopa mtutu mwembamba kwa sababu hupata moto hutia chumvi, maana mwindaji wa koyote hupiga risasi moja au mbili. Kinachomkosesha shabaha ni mtikisiko.

Kuna jambo la mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Tangu tarehe 1 Julai 2019, California inadai risasi zisizo na madini ya risasi, yenye sumu, katika uwindaji wote, ili kuwakinga tai aina ya kondori wanaokula mizoga. Shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, hivyo risasi ya shaba yenye uzito uleule huwa ndefu zaidi na huhitaji kuzungushwa haraka. Bunduki nyingi za zamani za .22-250 huzungusha risasi mara moja kwa kila inchi 14, polepole mno kwa risasi ndefu. Tikka ya .223 huzungusha mara moja kwa inchi 8. Mnunuzi aulize tarakimu hiyo kabla ya kuuliza rangi ya kitako.

Ngozi ya koyote nayo imebadilika thamani. Kampuni ya Canada Goose, iliyopamba kofia za makoti yake kwa manyoya ya koyote, ilitangaza mwaka 2021 kuachana na manyoya. Hofu ya kutoboa ngozi, iliyowasukuma wengi kwenye risasi ndogo kama .204 Ruger, imepungua uzito kwa asiyeuza.

Kwa mtu anayetembea, uamuzi wa makala haya ni .223 katika bunduki ya kilo 2.7 hadi 3 ikiwa tupu, isiyozidi kilo 3.8 ikiwa na darubini na risasi, pamoja na fimbo za kuegemezea bunduki. Chini ya hapo, kinachookolewa miguuni hulipwa kwenye shabaha. Na msomaji anayeishi Colorado, ambako mbwa mwitu 10 wa kijivu waliachiliwa Desemba 2023, amtambue mnyama kwa uhakika kabla ya kugusa kifyatulio: mbwa mwitu hao wanalindwa na sheria, na mchanga kati yao hufanana sana na koyote akiwa mbali.

Wiki ijayo: darubini, na namna ya kuilenga bunduki kabla ya msimu.