Uvimbe wa Ubongo Huathiri Mtandao Mzima, si Mahali Ulipo Pekee

Mwaka 1861, daktari wa Kifaransa Paul Broca alieleza jijini Paris habari za mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kuzungumza. Mgonjwa huyo alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo imani iliyotawala kwa muda mrefu ni kwamba kila kazi ya ubongo ina makao yake, na kwamba kujua palipoharibika ni kujua kitakachopotea. Vipimo vya picha vya miaka ya karibuni vimeonesha kuwa, kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo, hiyo ni sehemu tu ya ukweli.

Ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86. Seli hizo huunganishwa na nyuzi zinazosafirisha taarifa kutoka eneo moja hadi jingine. Hata kutamka neno moja hutegemea ushirikiano wa maeneo yanayohusika na kusikia, kukumbuka, kupanga na kuendesha misuli ya kinywa. Kwa sababu hiyo, wataalamu huutazama ubongo kama mtandao.

Mtandao huo huchunguzwa kwa kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku na mawimbi ya redio bila mionzi ya eksirei. Njia ya kwanza hufuatilia mwendo wa maji ndani ya ubongo. Maji hupita kwa urahisi zaidi kwa kufuata urefu wa nyuzi kuliko kwa kuzikata, hivyo kompyuta huweza kuchora njia za nyuzi hizo. Njia ya pili hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu, kwa kuwa eneo linalofanya kazi hupelekewa damu zaidi. Mwaka 1995, Bharat Biswal na wenzake nchini Marekani walionesha kuwa hata mtu akiwa ametulia tu, maeneo yanayohusika na kazi moja hupanda na kushuka kwa pamoja.

Picha hizo zimebainisha kwamba uvimbe huharibu mtandao kwa namna kadhaa. Baadhi ya uvimbe husukuma nyuzi pembeni bila kuzikata. Mwingine, hususan aina ya glioma inayotokana na seli zinazozihudumia seli za neva, hupenya katikati ya nyuzi na kuzivuruga. Aidha, mabadiliko huweza kuonekana mbali na uvimbe, hata katika upande wa pili wa ubongo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupungukiwa na kumbukumbu au umakini ingawa uvimbe wake hauko katika eneo linalojulikana kwa kazi hiyo.

Kasi ya ukuaji nayo ina uzito wake. Uvimbe unaokua polepole huupa ubongo nafasi ya kujipanga upya, maeneo mengine yakipokea majukumu ya lile lililovamiwa. Uvimbe unaokua haraka hautoi nafasi hiyo.

Uhusiano huo una pande mbili. Mwaka 2019, tafiti zilizochapishwa katika jarida la Nature zilionesha kuwa seli za neva huunda viungo vya mawasiliano na seli za glioma, na kwamba ishara zinazopita hapo huchochea ukuaji wa uvimbe. Kwa maneno mengine, uvimbe huvuruga mtandao na wakati huohuo hunufaika nao.

Maarifa haya yana maana kubwa katika chumba cha upasuaji. Daktari hutakiwa kuondoa uvimbe kwa kadiri inavyowezekana bila kumnyang'anya mgonjwa usemi au nguvu za mkono. Ramani ya nyuzi humsaidia kuchagua njia ya kupita na mahali pa kukomea. Hata hivyo, ramani hiyo haitoshi peke yake. Uvimbe hubadilisha pia mishipa ya damu, hivyo eneo lililo hai linaweza kuonekana kimya katika picha. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wagonjwa hufanyiwa upasuaji wakiwa macho, wakizungumza, huku daktari akichochea ubongo kwa umeme hafifu ili kuthibitisha kinachoonekana katika picha.

Nchini Tanzania, upasuaji wa ubongo hufanyika katika hospitali mbalimbali, ikiwemo Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Wananchi wanashauriwa kufika mapema katika kituo cha afya waonapo dalili kama degedege linalomwanza mtu mzima, maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, kupotewa na maneno, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au mabadiliko ya tabia yasiyoelezeka. Dalili hizo zinaweza kuwa na sababu nyingine, lakini uchunguzi wa mapema humpa daktari nafasi ya kuchukua hatua kabla madhara hayajaenea.