Waya Unaolisha Eriali

Watu wengi wakiona eriali ya fundi wa redio hutazama juu tu. Huutazama waya mrefu uliotandwa baina ya milingoti miwili, wakausifu. Ule unaoshuka kutoka katikati ya eriali mpaka dirishani hawaujali. Na huku mtambo mzuri na eriali nzuri zaweza kuharibiwa kazi na waya huo mmoja. Huo ndio nitakaousema leo.

Tuchukue mahali tunapopajua. Mombo imekaa chini ya ukuta wa milima ya Usambara, penye njia panda ya kupandia Soni na Lushoto. Mtu wa Mombo atakaye kusema kwa redio na mwenzake aliye nyuma ya mlima hawezi kuyapenyeza mawimbi katika mawe. Lakini mawimbi mafupi ya kadiri ya megahezi 7, yakirushwa juu wakati wa mchana, hurudishwa na tabaka la anga lenye umeme, yakaanguka Lushoto, na Tanga, na hata Dar es Salaam. Eriali ya kazi hiyo si kitu cha fahari. Mawimbi ya redio huenda mita milioni 300 kwa sekunde moja. Basi gawanya 300 kwa 7.1, utapata urefu wa wimbi, yapata mita 42. Nusu yake ni 21, nasi hupunguza kidogo, ikabaki mita 20. Waya huo hukatwa katikati, mita 10 upande huu na mita 10 upande huu, na baina yao hutiwa kihami cha kauri. Pande zote mbili ni sawa, kama mikono ya mizani: umeme ukisukumwa upande mmoja, huvutwa upande wa pili kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo huitwa eriali iliyosawazika.

Sasa, umeme utafikaje pale juu? Kumbukeni nyaya za simu za zamani. Simu ya maandishi ilitumia waya mmoja tu juu ya nguzo, na umeme ulirudi kwa njia ya ardhi. Simu ya kusemea ikahitaji nyaya mbili, maana waya mmoja uliokota kelele za kila namna njiani. Nyaya zikiwa mbili, sawasawa na karibu karibu, kelele huzigusa zote mbili kwa kipimo kimoja, zikafutana.

Nyaya pacha za kulishia eriali hufanya vivyo hivyo. Mkondo wa waya mmoja wapanda, wa mwenziwe washuka. Uwezo wa kurusha mawimbi wa huyu hubatilishwa na wa yule. Basi njia yenyewe hairushi kitu, illa hupeleka tu, na hiyo ndiyo kazi yake. Vijiti vya kutenganisha nyaya hizo fundi aweza kuchonga mwenyewe, akavichemsha katika nta ili visinywe maji. Upotevu wake ni mdogo mno. Lakini nyaya pacha zina deko: hazitaki kulazwa juu ya mabati, wala kufukiwa, wala kufungwa na nguzo ya chuma. Waya mmoja ukikaribia chuma kuliko mwenziwe, usawa umekwisha.

Njia ya pili ni kebo ya koaksia: waya mmoja katikati, umezungukwa na kihami, kisha na koti la nyuzi za shaba, kisha na ngozi ya plastiki. Oliver Heaviside wa Uingereza alipata hati ya kebo ya namna hiyo mwaka 1880, na Wamarekani wawili, Espenschied na Affel, waliifanya kuwa chombo cha kazi kubwa za simu tangu mwaka 1929. Hapa hakuna mizani. Waya wa ndani una kazi yake, na koti limeunganishwa na ardhi. Mawimbi yamefungiwa ndani kama maji katika bomba. Waweza kuipitisha juu ya bati, ukutani, hata chini ya udongo, isidhurike. Gharama yake ni upotevu: mita 30 za kebo nyembamba, kwa megahezi 7, zaweza kula yapata robo ya nguvu zako. Mwenye betri ndogo na ajiulize kama anayo robo ya kutupa.

Matata huanza pale kebo isiyosawazika inapounganishwa moja kwa moja na eriali iliyosawazika. Mtu aweza kudhani kwamba kebo ina njia mbili tu. La! Ina tatu. Umeme wa mawimbi ya redio hupita juu juu ya chuma, hauingii ndani sana; kwa hiyo upande wa ndani wa koti ni njia moja, na upande wa nje ni njia nyingine kabisa. Mkondo utokao upande wa ndani wa koti ukifika kileleni hukuta njia panda: sehemu yaingia katika mkono wa eriali, na sehemu yageuka, ikarudi chini kwa ngozi ya nje ya koti mpaka ndani ya nyumba. Hapo kebo imekuwa eriali bila kuombwa. Fundi huchomwa midomo na kipaza sauti chake. Jirani asikilizaye taarifa ya habari husikia mkoromo. Na wakati wa kupokea, ngozi hiyo hiyo huokota kelele za taa na vyombo vya kuchajia simu, ikazipandisha hadi kwenye eriali, zikaizamisha sauti dhaifu uliyokuwa ukiingojea.

Dawa yake ni kuifunga njia ile ya tatu. Kifaa chake huitwa baluni, jina lililoungwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kilichosawazika na kisichosawazika. Kwa megahezi 7 iliyo rahisi ni hii: chukua mita 4 au 5 za kebo yenyewe, karibu kabisa na eriali, uizungushe kuwa duara la mizunguko 6 hivi, uifunge imara. Umeme uliomo ndani haujui kwamba kebo imezungushwa; ule wa nje hukuta kizuizi kikubwa. Kupitisha kebo katika pete za feraiti ni bora zaidi, kama zapatikana.

Ipi basi nichague? Kwa nyumba ya mabati, na eriali ya wimbi moja, na kebo fupi, mimi nashauri koaksia na baluni. Mwenye shamba pana, aliyetenga mlingoti wake mbali na nyumba, na atakaye kutumia eriali moja kwa mawimbi mengi, afadhali nyaya pacha, pamoja na kisanduku cha kulinganisha penye mtambo.

Nisisahau kamba, kwa maana huku kwetu mkonge ni mwingi na kila mtu atashika kamba ya katani. Ikilowa mvua hufupika, ikauvuta waya hata ukakatika. Ipitishe katika kapi, uning'inize jiwe upande wa chini. Jiwe litapanda na kushuka lenyewe.

Kupokea sauti ni jambo moja, kurusha ni jingine. Kurusha kwataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na jina la kuitia huanza na 5H. Zamani za Tanganyika lilianza na VQ3. Na mawingu ya radi yakianza kukusanyika juu ya Usambara, chomoa njia ya eriali katika mtambo, uiweke nje ya nyumba, kabla hujasikia ngurumo ya kwanza.