Kazi Ikihama Kilindini

Wengi katika watu wa Mombasa ambao hawajapata hata siku moja kushika usukani wa lori wala kutia sahihi hati ya forodha, hupata riziki yao katika bandari ya Kilindini; kwani kila kasha literemshwalo melini huhitaji wakala wa kulipitishia hati, dereva na utingo wa kulichukua, fundi wa magurudumu, mlinzi wa yadi, na mwanamke wa kuwapikia wote hao mahamri na mbaazi kabla ya mapambazuko, tangu Changamwe na Jomvu hata Mariakani, Voi na Mtito Andei. Kwa hiyo, ilipotoka amri mwezi wa Agosti 2019 kwamba makasha yote yaendayo Nairobi na bara yapakiwe katika reli mpya, na shughuli za forodha zikamilishwe katika bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, fadhaa haikuwashika mawakala peke yao. Mitaa mizima iliingiwa na tashwishi, ama iifuate kazi, ama iingoje.

Sababu ya amri hiyo ilikuwa dhahiri. Reli iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka uliofuata ilijengwa kwa mkopo mkubwa wa China, na deni halilipiki ikiwa mabehewa yanakwenda matupu; lakini wenye bidhaa wengi walilipenda lori, ambalo hulifikisha kasha mpaka mlangoni pa ghala. Bidhaa zikalazimishwa kupanda gari moshi, na kazi ikapanda pamoja nazo.

Karani mmoja wa uwakala, jirani yangu, aliambiwa na wakubwa wake achague Embakasi au barua ya kuachishwa. Ujira aliotajiwa ulizidi ule wa kwanza, na mtu mwenye haraka angeuona kuwa ni faida tupu. Lakini yeye alikuwa akikaa katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita aliyoachiwa na babake, wapangaji wakiwa katika vyumba viwili na mama mzazi katika kimoja, na duka la pembeni likimkopesha unga na sukari hata mwisho wa mwezi kwa sababu mwenye duka alimjua tangu utoto wake. Nairobi angelipa kodi, nauli ya asubuhi na jioni, na karo ya shule ngeni, wala pasingekuwa na akraba wa kumtazamia mtoto mgonjwa. Tena nyumba ile, kama zilivyo nyingi za Mombasa, ilikuwa nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni mali yake, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi yake kila mwezi. Alipotamka habari ya kuuza, mamake alimjibu, "Nenda ukatafute, mwanangu, lakini nyumba usiiuze. Ardhi si yetu. Tukishaondoka, nani atatupa kiwanja tena?"

Nami naona mama yule aliligusa jambo ambalo hesabu ya mshahara haiwezi kulifikia. Kabla ya kufunga mizigo, yafaa mtu achunguze kazi imehamishwa na nani, na kwa nguvu gani. Makasha ya chuma na winchi kubwa zilipochukua mahali pa mabega ya makuli, kazi ile ya kubeba magunia haikurudi, na aliyeketi kuingoja alingoja bure. Bali kazi iliyohamishwa kwa amri ya serikali hukaa au huondoka kwa kadiri ya nguvu za wale wanaoitaka na wale wanaoipinga, na watu wa Mombasa waliipinga kwa bidii: wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, wakaenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2020 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba amri ilikuwa kinyume cha katiba. Mwezi wa Septemba 2022, siku ile ile ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa.

Kwa muda huo wa miaka mitatu, waliouza walikuwa wamekwisha kuuza. Kibanda cha chakula kilichofungwa kandokando ya barabara kuu hakifunguki kwa tangazo, na mtoto aliyekwisha kuzoea shule ya Embakasi hang'olewi kwa urahisi mara ya pili. Hawa ndio ninaowahurumia kwa dhati, maana walitii, wala hawakufidiwa gharama ya kwenda wala ya kurudi.

Karani yule alikwenda peke yake, akapanga chumba kimoja, na mkewe akabaki kukusanya kodi ya wapangaji. Maisha ya mume huku na mke kule yana machungu yake, nami simshauri mtu ayaendeleze miaka mingi. Lakini kwa mwaka wa kwanza, ambapo kazi yenyewe haijajulikana kama imekita mizizi, sijaona njia iliyo salama zaidi. Kabla ya kuondoka aliwataka wakubwa wake waandike katika barua ya uhamisho nani atalipa gharama ya kurejea kwake iwapo kazi itarudi Mombasa. Walisitasita siku kadhaa, kisha wakaandika.