Kazi ni kujuana? Hukumu tisa kwa mwanafunzi anayekwenda hafla za ajira London

Kama unasoma London, au una mdogo wako anayesoma huko, maneno haya umekwisha kuyasikia. Umeyasikia bwenini, msikitini, kanisani baada ya ibada, na kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa Afrika Mashariki: kazi ni kujuana, Waingereza hawaongei na mtu, mwenye viza ya mwanafunzi asijisumbue. Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo vya jiji hilo, iwe Imperial, King's, LSE, UCL au SOAS, hualika waajiri waje kukutana na wanafunzi. Na kila mwaka wapo wanaobaki vyumbani kwa sababu ya maneno hayo. Tuyapime moja baada ya jingine. Mengine yataanguka, na mengine, hasa ya wazee wetu, yatasimama.

1. "Kazi ni kujuana. Huna mjomba, huna kazi."

Hukumu: NUSU KWELI.

Kujuana kunasaidia, hilo halina ubishi. Uwongo uko kwenye huyo mjomba. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti wake juu ya watu wa Newton, karibu na Boston, Marekani, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Waliosema mara kwa mara hawakufika asilimia 17. Zaidi ya asilimia 55 walisema mara mojamoja, na karibu asilimia 28 walisema ni nadra. Sababu yake inaeleweka: ndugu na rafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali kidogo ana habari ambazo hazijakufikia.

Waliohojiwa na Granovetter walikuwa wachache, kwa hiyo ni haki kuuliza kama matokeo yake yana uzito. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha jaribio lililohusu zaidi ya watumiaji milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano. Jibu lilielekea kulekule: waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ni wale wa kufahamiana kiasi, si wa karibu sana wala si wageni kabisa. Watu wa namna hiyo ndio unaowapata kwenye hafla ya ajira.

Tena zipo kazi ambazo mjomba hana nafasi kisheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 inataka ajira za utumishi wa serikali kuu zitolewe kwa sifa, kwa ushindani wa haki na wa wazi. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwemo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, wakiwa na haki ya kufanya kazi nchini humo, wanaruhusiwa kuomba nyingi kati ya nafasi hizo.

2. "Nenda na marafiki zako, mtapeana moyo."

Hukumu: KWELI hadi mlangoni, UWONGO mkishaingia.

Wahenga walisema ndege wafananao huruka pamoja, na sayansi imewaunga mkono. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Paul Ingram na Michael Morris, walichapisha uchunguzi wa tafrija moja ya watu wa biashara. Wageni walivaa vibandiko vya kielektroniki vilivyorekodi nani anazungumza na nani. Kabla ya tafrija, wengi walisema nia yao ni kukutana na watu wapya. Walipoingia ukumbini, waliwaelekea watu waliokwisha kuwajua.

Hao walikuwa watu wazima wenye uzoefu wa kazi. Sembuse wewe uliyetua Heathrow mwezi jana? Basi fuatana na mwenzako kwenye treni, lakini mkifika aende huku nawe huku, mkutane baada ya saa nzima kila mmoja asimulie kuhusu watu aliozungumza nao. Hapo mtakuwa mmepata mara mbili ya kile ambacho mngepata mkiwa mmeng'ang'aniana kando ya meza ya vitafunio.

3. "Waingereza hawapendi kusemeshwa na mtu wasiyemjua."

Hukumu: UWONGO.

Huu umeenea hata miongoni mwa Waingereza wenyewe. Watafiti Juliana Schroeder, Donald Lyons na Nicholas Epley waliupima kwenye treni za abiria wa London na vitongoji vyake, wakachapisha matokeo mwaka 2022. Abiria walioombwa kuzungumza na mtu wasiyemjua walifurahia safari yao kuliko waliokaa kimya peke yao. Kilichowatia watu hofu zaidi ni namna ya kuanza.

Ikiwa hivyo ndivyo ndani ya treni, kwenye hafla hofu hiyo ina msingi mdogo zaidi, maana mwajiri ametumwa pale azungumze nawe. Na ukirudi nyumbani ukijilaumu kwamba Kiingereza chako kilikwama, kumbuka utafiti wa Erica Boothby na wenzake wa mwaka 2018: baada ya mazungumzo ya kwanza, watu kwa kawaida hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kwa kweli. Lafudhi ya Tanga au ya Kisumu haijamfukuza mtu. Sema polepole, taja jina lako kwa ukamilifu, na msaidie mwenzako kulitamka.

4. "Bila glasi ya mvinyo mkononi utaonekana mshamba."

Hukumu: UWONGO.

Hafla nyingi za jioni London zina pombe, na karibu zote zina maji na juisi mezani palepale. Omba unachotaka, na huna deni la maelezo kwa mtu. Anayedhani biashara ya jiji lile ilisimama juu ya pombe aiangalie Lloyd's, soko la bima linalojulikana dunia nzima. Lilizaliwa katika mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, uliokuwa Tower Street tangu miaka ya 1680, ambako wenye meli, manahodha na wafanyabiashara walikutana kupeana habari za bahari.

Na kama kwa imani yako hushiki mkono wa mtu wa jinsia nyingine, weka mkono kifuani, tabasamu, na jitambulishe kabla yeye hajanyoosha wake. Hakuna atakayefedheheka.

5. "Hayo ni mambo ya mwaka wa mwisho."

Hukumu: UWONGO, na ndio unaogharimu wengi zaidi.

Benki kubwa na kampuni za sheria za London huwa na wiki za utangulizi kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, aghalabu wakati wa likizo ya Pasaka, na maombi yake hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Kutoka hapo wengine hupata nafasi za mafunzo ya kiangazi katika mwaka unaofuata, na waliofanya vizuri kiangazi mara nyingi huahidiwa ajira kabla hata ya kuhitimu. Anayeamka mwaka wa mwisho hukuta viti vingi vimekaliwa.

Kwa anayesoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, kama wafanyavyo wengi kutoka kwetu, muda ni mfupi zaidi. Anaanza masomo Septemba, na programu nyingi za kuajiri wahitimu hufunga milango kati ya Oktoba na Desemba. Nyingine hufungwa mapema nafasi zikijaa. Usisubiri ujue ramani ya chuo kwanza. Wiki ya pili ya masomo si mapema hata kidogo.

6. "Ukiwa na viza ya mwanafunzi, usipoteze muda wako."

Hukumu: UWONGO, lakini sheria uijue.

Mwanafunzi wa shahada mwenye viza hiyo kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Haruhusiwi kujiajiri. Kwa hiyo ukikutana na mtu akakwambia "nifanyie kazi hii, uniletee ankara kama mkandarasi", mshukuru na ukatae. Baada ya kuhitimu ipo viza ya wahitimu, iliyoanza Julai 2021, inayompa mtu miaka 2, au miaka 3 kwa mwenye shahada ya udaktari. Kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, miaka hiyo 2 inakuwa miezi 18.

Kuhusu udhamini, serikali ya Uingereza huweka wazi mtandaoni orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Ipakue. Kabla ya hafla linganisha majina ya waajiri waalikwa na orodha hiyo, kisha uanze na waliomo. Hapo huhitaji kufungua mazungumzo kwa kuuliza habari za viza. Anza na kazi yenyewe, na la viza uliulize kwa ufupi mwishoni: "Je, nafasi hii ya wahitimu mnaidhamini?" Leseni pekee haitoshi, kwa sababu mwajiri anaweza kudhamini kazi moja na kuiacha nyingine, na viwango vya mshahara vinavyotakiwa hubadilika.

7. "Chapa nakala nyingi za CV, uzigawe kila meza."

Hukumu: UWONGO.

Waajiri wakubwa hupokea maombi kupitia fomu za mtandaoni. Karatasi uliyomwachia kijana wa mezani haiingii kwenye mfumo huo. Anachoweza kukupa ni habari, na mara nyingi kijana huyo ni mhitimu wa mwaka mmoja au miwili iliyopita, ambaye usaili bado anaukumbuka vizuri.

Kuuliza si ujinga, ila maswali hayalingani. "Kampuni yenu inafanya nini?" ni swali ambalo tovuti yao imekwisha kulijibu. Jaribu hivi: "Ulipoanza, miezi mitatu ya kwanza walikupa kazi gani? Katika hatua za usaili, ni ipi ungejiandaa nayo zaidi kama ungerudia?" Kisha nyamaza usikilize. Majibu ya maswali hayo mawili utayaandika kwenye ombi lako, na msomaji ataona kwamba umezungumza na mtu wa ndani.

8. "Watu wa maana hupatikana kwenye ukumbi wa maonyesho ya ajira tu."

Hukumu: UWONGO.

Tazama mfano wa zamani. Jomo Kenyatta alipokuwa London miaka ya 1930 hakuwa na maonyesho ya ajira. Alisaidia utafiti wa matamshi ya Kikikuyu katika UCL, akawa mmoja wa Waafrika walioonekana kwenye filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935 pamoja na Paul Robeson, na akasoma anthropolojia LSE kwa Profesa Bronisław Malinowski. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilipotoka mwaka 1938, dibaji iliandikwa na Malinowski huyo huyo. Uhusiano huo ulizaliwa kwenye semina.

Kwa hiyo mwalimu anayekufundisha ni mtu wa kumjua. Mhadhara wa wazi wa jioni pale SOAS ni hafla. Mkusanyiko wa Watanzania au Wakenya wa London nao ni hafla, na pale "Shikamoo, mzee" hufungua mlango ambao sentensi nzuri ya Kiingereza haiufungui. Mkubwa huyo anaweza kuwa muuguzi, mhasibu au mhandisi aliyekwisha kupita njia unayoitafuta. Wanaoomba ufadhili wa Chevening wanalijua hili: fomu yake kwa miaka mingi imemtaka mwombaji aeleze kwa insha jinsi anavyojenga mahusiano na watu. Bila mifano halisi, insha hiyo haiandikiki.

9. "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Hukumu: KWELI TUPU.

Methali hii ya wafanyabiashara inafaa hapa kuliko ushauri wowote wa kisasa. Watu uliokutana nao ni mali, na kumbukumbu ya mtu aliyezungumza na kumi kwa saa mbili ni dhaifu. Kabla hujashuka kwenye treni ya kurudi, andika manne kwa kila mmoja: jina lake, anafanya kazi wapi, mlizungumza nini, na kama kuna ulichoahidi.

Kesho yake mwandikie. Ujumbe wa "nimefurahi kukufahamu" pekee haumpi mtu sababu ya kukujibu. Huu unampa: "Jana tulizungumza kuhusu kazi za wahandisi wa maji. Ulinishauri nisome ripoti ya mwaka ya kampuni yenu. Nimeisoma, na sehemu ya uvujaji wa mabomba imenivutia. Mwezi ujao ungekuwa na dakika 15 nikuulize maswali mawili?" Hapo kuna kumbukumbu, kuna kazi iliyofanyika, na kuna ombi dogo lenye mwisho. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha umwache. Akijibu, mpe habari ya ulichofanikiwa hata usipokuwa na shida. Anayemtafuta mtu siku ya haja tu hujulikana upesi.

Ukijumlisha hukumu zote tisa, jambo ni moja: hafla haimpi mtu kazi. Inampa habari na watu wa mbali kidogo, na thamani yake inategemea alichokifanya jana yake na kesho yake. Kwa hiyo leo usiku fungua ukurasa wa kitengo cha ajira cha chuo chako, chagua hafla moja ya wiki hizi mbili, ujiandikishe, na uweke miadi na mshauri wao akusomee CV. Vyuo vingi vya Uingereza huendelea kukuhudumia hata baada ya kuhitimu. Huduma hiyo imo ndani ya ada uliyokwisha kuilipa. Itumie.