Ukingo wa Barabara: Kanisa, Mwenye Kinga na Mwenda kwa Miguu



Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8, kuna amri ndogo ambayo haihubiriwi mara nyingi. Mtu akijenga nyumba mpya, anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Dari za nyumba za wakati ule zilikuwa tambarare, na watu walizitumia kila siku. Rahabu alianika mabua ya kitani juu ya dari yake, na Petro alipanda juu ya nyumba kule Yafa ili aombe. Watu walipita huko, na aliyejikwaa aliweza kufa.

Tuangalie amri hiyo inasema na nani. Haimwambii mgeni, "Uwe mwangalifu unapotembea darini." Inamwambia mjenzi. Anayetengeneza mahali ambapo watu watapita anabeba wajibu wa uhai wao, hata kabla mtu wa kwanza hajaanguka. Nataka tutumie amri hii kutazama jambo ambalo sisi wa Musonoi tunaishi nalo kila siku, nalo ni usalama wa wanaotembea kwa miguu na wanaopanda kinga.

Musonoi ni mahali gani

Kwa ndugu zetu wa Goma, Bukavu, Kalemie au Bunia ambao hawajafika huku: Musonoi ni mtaa wa Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Ulijengwa kuwa makazi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ambayo mali zake zilichukuliwa na serikali mwaka 1967 na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Mashimo makubwa ya shaba na kobalti yako karibu na nyumba. Wakati wa kiangazi vumbi linafunika majani ya miembe, na wakati wa mvua kando ya barabara panageuka kuwa matope.

Huku kwetu baiskeli tunaiita kinga, na wengi wenu mnalijua jina hilo. Kinga inabeba mifuko ya makaa kutoka porini, magunia ya mahindi, madumu ya maji, mgonjwa anayepelekwa hospitali, na mtoto anayepelekwa shule. Katika Kiswahili cha vitabu, neno kinga lina maana ya kitu kinachozuia madhara. Lakini barabarani, mwenye kinga ndiye asiye na kinga yoyote.

Kwa nini malori ni mengi hivi

Hapa maelezo kidogo yanahitajika, kwa sababu watu wengi wanawaona madereva tu na hawaoni kinachowasukuma. Shaba na kobalti vinasafirishwa kwenda Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, kisha kupitia Zambia hadi bandari za mbali. Magari hayo hayarudi matupu. Kuchenjua madini kunahitaji asidi ya sulfuriki, chokaa, mafuta na mashine, kwa hiyo barabara inajaa pande zote mbili. Zamani sehemu kubwa ya mzigo ilikwenda kwa reli. Reli ilipodhoofika, mzigo ulihamia barabarani.

Tufanye hesabu rahisi. Mwaka 2023 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani milioni 2 za shaba. Tuseme lori moja linabeba tani 30. Hizo ni safari zaidi ya 66,000 kwa shaba peke yake, kabla ya kuhesabu kobalti na asidi. Si zote zinapita Kolwezi, lakini sehemu kubwa inatoka katika jimbo letu. Mwezi wa pili mwaka 2019, kwenye njia kati ya Kolwezi na Lubumbashi, lori lililobeba asidi liligongana na basi, na watu wasiopungua 18 walikufa. Hao walikuwa ndani ya gari, wamezungukwa na chuma. Anayetembea au kupanda kinga hana hata hicho.

Mwendo, uzito na usukani

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 katika sekunde moja. Dereva akimwona mtoto anaingia barabarani, sekunde hiyo inaisha kabla mguu wake haujakanyaga breki. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa karibu mara nne. Kwa hiyo kupunguza mwendo kutoka 60 hadi 30 mbele ya shule ni jambo la uhai. Mtu aliyegongwa na gari dogo katika mwendo wa 30 kwa kawaida anabaki hai. Katika mwendo wa 60, mara nyingi tunakwenda kuzika.

Kuna jambo lingine la pekee huku kwetu. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanaendesha upande wa kushoto, na malori mengi yanayokuja huku yanatoka kwao, usukani ukiwa kulia. Dereva wa lori kama hilo akitaka kulipita gari lililo mbele yake, haoni vizuri kinachokuja mpaka atoe karibu mwili wote wa lori upande wa pili. Mwenye kinga anayekuja kutoka upande ule anajikuta uso kwa uso nalo, na pembeni yake kuna mtaro au matope. Uangalifu wa mwenye kinga hautoshi kumwokoa hapo. Kinachoweza kumwokoa ni nafasi yake mwenyewe ya kupita.

Hali hii si ya Lualaba tu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na watu wa pikipiki. Kwa watoto na vijana kuanzia miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo sababu ya kwanza ya kifo.

Kazi ya kujitolea ni ipi

Baada ya ajali, mara nyingi tunasikia sauti mbili. Moja inasema ni mapenzi ya Mungu, tunyamaze. Nyingine inasema dereva apigwe na lori lichomwe. Sauti ya kwanza inamsingizia Mungu kazi ya mjenzi asiyeweka ukingo. Ya pili inaongeza damu juu ya damu. Na kesho yake, mahali pale pale, watoto wanapita tena na hakuna kilichobadilika.

Kuna njia ya tatu, nayo haihitaji fedha nyingi. Ni watu wachache wa mtaa, akina mama, vijana, mwalimu, fundi wa kinga na mtu wa pikipiki, wanaokubali kufanya mambo manne.

La kwanza ni kuhesabu. Chagueni mahali pamoja penye hatari, kwa mfano mbele ya shule. Kaeni siku moja kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mbali na njia ya magari, mkiandika kwa kila saa: wangapi wanapita kwa miguu, wangapi kwa kinga, pikipiki ngapi, malori mangapi. Mkubwa wa ofisi anaweza kukataa malalamiko, lakini karatasi yenye hesabu ni vigumu kuikataa.

La pili ni kuweka alama. Chukueni ramani ya mtaa iliyochorwa kwa mkono, mwonyeshe kila mahali mtu alipogongwa, na mwezi wake. Mtashangaa kuona alama zinakusanyika mahali pawili au patatu. Hapo ndipo pa kuanzia.

La tatu ni kuomba jambo moja lililo wazi. Msiseme, "Tunataka usalama." Semeni, "Tunaomba matuta mawili yenye alama na njia ya miguu ya mita mia mbili kutoka shule hadi soko."

La nne ni kurudi. Barua ya kwanza mara nyingi inalala mezani. Mjane wa Luka 18 alijua hilo.

Mlango gani wa kugonga

Watu wengi wanachoka kwa sababu wanapeleka barua mahali pasipohusika. Barabara kuu za taifa ziko chini ya Office des Routes. Barabara za ndani ya mji ziko chini ya Office des Voiries et Drainage. Mambo ya kuzuia ajali na mafundisho yako chini ya tume ya taifa inayohusika na usalama wa barabarani, na polisi wa barabarani wanasimamia sheria ya mwaka 1978. Fedha za matengenezo zinapita katika FONER, mfuko ulioanzishwa mwaka 2008, ambao chanzo chake ni makato ya mafuta na malipo ya peaji. Ndani ya eneo la mgodi, njia ni ya kampuni, na barua inakwenda kwa kampuni.

Kuna pia mlango ambao wakristo wengi hawaujui. Kodi ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2018, maana yake sheria yenyewe ya migodi, inagawa mrabaha hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mamlaka ya mahali panapochimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inayochimba inatakiwa kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na fedha hizo zinasimamiwa na chombo chenye wawakilishi wa jamii. Kampuni inatia pia saini hati ya ahadi zake kwa jamii. Njia ya miguu na ya kinga inaweza kuandikwa humo, kama vile shule na visima vinavyoandikwa. Lakini haitaandikwa ikiwa hakuna aliyeitaja. Kolwezi ina komini mbili, Dilala na Manika. Wazee wa kanisa katika kila moja wanaweza kuuliza kwa heshima: je, katika mpango wa mwaka huu, mwenda kwa miguu ameandikwa wapi?

Wengine wamefanya nini

Dar es Salaam, shirika la Amend lilitazama shule zilizo kando ya barabara hatari kupitia mpango wake wa SARSAI. Kazi yao ni ndogo kwa macho: matuta, njia za miguu, vivuko, vibao, nguzo za kuzuia magari, na wakati mwingine kuhamisha lango la shule tu. Majeruhi kati ya watoto walipungua kwa karibu robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Katika jiji hilo hilo, wapanda baiskeli waliojiunga katika UWABA wamefanya misafara ya baiskeli barabarani ili waonekane na wasikilizwe.

Nairobi, wapanda baiskeli wa Critical Mass wanapanda pamoja kila mwezi. Mwaka 2015 kaunti ya jiji hilo ilipitisha sera ya kutenga 20% ya fedha za barabara kwa wanaotembea na wanaopanda baiskeli. Karatasi haijawa lami kila mahali, na njia nyingine zimejaa pikipiki na meza za biashara. Hilo nalo ni somo: njia ikishapatikana, wenyeji wanapaswa kuilinda.

Mambo ya kuepuka

Msiweke matuta yenu wenyewe, wala magogo barabarani. Tuta lisilo na alama linaweza kumwua mtu wa pikipiki usiku. Msizuie malori, wala msikubali mtu wa siasa aifanye kazi hii kampeni yake. Msimfanye dereva kuwa adui. Yeye pia ana ratiba aliyopewa, usingizi unaomlemea na watoto wanaomsubiri. Mkaribisheni kwenye mkutano, kwa sababu anajua mahali ambapo hawezi kuona.

Tuwafundishe pia wenye kinga: breki nzima, kiakisi nyuma, taa jioni, mzigo usiozidi upana wa mabega. Fundi mmoja wa kinga akikaa uani mwa kanisa Jumamosi moja kwa mwezi, anaweza kuokoa watu. Lakini tusiishie hapo. Yakobo anatuonya juu ya kumwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chakula. Kumwambia mtoto "angalia magari" bila kumpa mahali pa kutembea kunafanana na hilo.

Kwa makanisa ya mashariki

Ndugu zetu wa Goma, ninyi mna chukudu, nayo imesimamishwa sanamu mjini kwa heshima ya kazi yake. Je, anayesukuma chukudu hai ana njia yake? Butembo, Uvira, Kindu: malori yenu yanabeba vitu vingine, lakini mwili wa mtoto ni ule ule.

Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi na moja, Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa barabarani. Napendekeza kila kanisa lisome Kumbukumbu la Torati 22:8 siku hiyo, litaje majina ya watu wake waliokufa, na liombee familia zao na madereva. Kisha, baada ya ibada, watu watano wabaki. Wachague mahali pamoja, wapange siku ya kuhesabu, na wakubaliane nani ataandika barua.

Mungu aliyejali ukingo wa dari anajali pia ukingo wa barabara. Awabariki na kuwalinda katika safari zenu.