Redio mpya katika gari kuukuu: usiziamini rangi za waya

Magari mengi kuukuu tunayoendesha, iwe Mombasa, Malindi au huku Mbita kando ya Ziwa Victoria ambako kazi imenileta, yana ugonjwa mmoja. Injini nzima, bodi nzima, lakini redio ni kiziwi. Inashika stesheni moja au mbili, kisha ni mvumo mtupu. Wengi hudhani imekufa. Haijafa. Imezaliwa Japani, na Japani husikiliza masafa mengine.

Huko FM ilipangiwa megahezi 76 hadi 90, kwa sababu juu ya 90 palikuwa pamekaliwa na televisheni za analojia. Televisheni hizo zilizimwa Julai 2011 katika sehemu kubwa ya nchi, na baadaye ndipo redio zao zikaruhusiwa kupanda hadi 95. Sisi Kenya FM yetu ni 88 hadi 108. Sasa piga hesabu. Gari la Kijapani la mwaka 2003 linakutana na sisi kati ya 88 na 90 tu. Baraka FM ya Mombasa iko 95.5. Ramogi FM, ambayo majirani zangu hapa hawaiachi, iko 107.1. Zote mbili redio hiyo haiwezi kuzifikia, hata uvute antena mpaka mawinguni.

Ndiyo maana magari yakishateremshwa bandarini Mombasa, mengi hutiwa kidude ambacho mafundi hukiita ekspanda. Hukaa kati ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kuyashusha masafa. Kikishusha kwa 18, Baraka FM itaonekana kwenye kioo kama 77.5 na Ramogi kama 89.1. Lakini redio ya Kijapani ina upana wa megahezi 14, na masafa yetu yana upana wa 20. Mkeka wa mikono 14 hauenei chumba cha mikono 20. Kwa kidude hicho cha 18, stesheni yoyote iliyo kati ya 90 na 94 hutaipata kabisa. Dawa ya kudumu ni kutia redio nyingine.

Kuna atakayesema redio ya gari ni anasa. Kwetu Pwani, nani hajawahi kukaa na sikio kwenye redio usiku wa kungojea mwandamo wa mwezi? Huku ziwani ni vivyo hivyo. Kisiwani Mfangano, ng'ambo ya Mbita, kuna Radio Ekialo Kiona inayotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo wasemaji wake wanazidi kupungua. Dereva wa Probox anayebeba samaki alfajiri kwenda Homa Bay hutaka habari za ziwa na za njia, na hutaka kuzisikia kwa lugha yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ukiwa na utulivu na nusu siku, unaweza kuifanya kwa mkono wako.

Kwanza, kipimo. Redio za kisasa za ukubwa wa mbili zina upana wa milimita 180 na kimo cha 100. Zile za ukubwa wa mmoja ni 180 kwa 50. Lakini Toyota za Japani zilikuja na redio ya upana wa milimita 200. Ukitia ya 180 patabaki mwanya wa milimita 10 kila upande. Usiuzibe kwa gundi wala kipande cha katoni. Kuna fremu za plastiki za kujazia mwanya huo, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya gari. Itake siku hiyohiyo unaponunua redio.

Pili, na hapa ndipo penye hatari, ni nyaya. Redio ya dukani huja na nyaya za rangi ambazo karibu makampuni yote yamekubaliana. Manjano ni umeme wa betri usiokatika, unaotunza saa na stesheni ulizohifadhi. Nyekundu ni umeme wa swichi, unaokuja unapozungusha ufunguo. Nyeusi ni hasi, inayokwenda kwenye bodi. Buluu huwasha antena ya mota au ya kioo. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni spika nne, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi.

Toyota kuukuu ina lugha yake. Umeme wa betri ni waya wa buluu wenye mstari wa manjano. Umeme wa swichi ni kijivu. Hasi ni kahawia. Nyekundu na nyeupe ni spika ya nyuma kulia. Nyeusi na manjano ni spika ya nyuma kushoto. Soma tena taratibu. Mtu akiunganisha rangi kwa rangi, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, redio haitawaka kwa sababu ameipeleka kwenye spika. Hilo si kubwa. Msiba ni kijivu kwa kijivu. Kijivu cha redio mpya ni spika, kijivu cha Toyota ni volti 12. Ukizungusha ufunguo, umeme unaingia moja kwa moja kwenye tundu la sauti, na redio mpya inaungua kabla haijatoa neno.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: soketi ya gari haikatwi. Dukani kuna waya wa kuunganishia wenye soketi za Toyota, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Unaunga nyaya za redio kwenye waya huo ukiwa umekaa barazani kwako, mchana, kisha unachomeka kwenye gari kama unavyochomeka pasi. Siku ukitaka kuuza gari, unachomoa, unarudisha redio yake, na nyaya za gari zimebaki vile zilivyotoka kiwandani.

Jirani yangu hapa Mbita aliwekewa redio na fundi aliyeikata soketi hiyo akaunganisha waya kwa waya. Baada ya wiki akanijia. "Sheikh," akaniambia, "hii redio inakula betri. Kila asubuhi nasukuma gari." Tulipofungua dashibodi tukakuta waya wa manjano na wa nyekundu vimesokotwa pamoja kwenye umeme wa betri. Redio ilikuwa hailali usiku kucha. Hayo ni madogo. Fyuzi ilikuwa imeungua siku za nyuma, na mahali pake pametiwa kipande cha waya wa shaba. Tepu iliyozungushwa kwenye maungio ilikuwa imeanza kuyeyuka na kunata mkononi. Gari hilo hubeba abiria.

Fyuzi ni mlinzi, na kazi yake ni kufa kabla ya gari. Ikiungua ya ampea 10, rudisha ya ampea 10. Si ya 20, na waya ndiyo kabisa usitie. Ikiungua tena, kuna mahali pamegusana, tafuta hapo. Na fyuzi hiyohiyo itakufundisha kutodanganywa na maandishi ya boksi. Boksi linasema wati 50 mara nne, yaani wati 200. Ampea 10 kwa volti 14, injini ikiwa inazunguka, ni wati 140. Hizo 200 zitatoka wapi? Wati 50 ni kilele cha mara moja tu. Redio nyingi hutoa kwa utulivu wati 15 hadi 20 kwa kila spika, na kwa gari dogo zinatosha na kubaki.

Tatu, utaratibu. Zima gari, toa ufunguo, kisha kwa spana namba 10 fungua kwanza kichwa cha hasi cha betri. Gari likiwa na mifuko ya hewa, ngoja dakika 2 kabla ya kugusa dashibodi, na soketi yoyote ya manjano inayohusiana na mifuko hiyo iache ilivyo. Vuta paneli ya katikati kwa mikono, ukianzia pembeni. Toyota nyingi za enzi hizo hushikwa na klipu. Ukilazimika kutumia bisibisi, izungushie kitambaa. Redio yenyewe hushikwa na bolti nne. Ifungue, chomoa soketi na antena, hamisha vile vyuma vya pembeni uvifunge kwenye redio mpya. Tumia skrubu zilizokuja na redio mpya, kwani ndefu zaidi hutoboa ndani.

Maungio yachomelee kwa solda na uyavalishe mpira wa kunywea kwa joto. Tepu pekee kwa joto letu la Pwani au la ziwani haidumu. Hasi ya spika usiipeleke kwenye bodi hata siku moja, kwa sababu katika redio za sasa nyaya zote mbili za spika zina umeme. Waya usiotumika uufunge ncha, usiuache ukining'inia.

Kabla ya kurudisha paneli, rudisha hasi ya betri na ujaribu. Je, redio inawaka kwa ufunguo na kuzimika nao? Je, spika zote nne zinasema? Je, ukizima gari na kuwasha tena, stesheni zako zipo? Ukipata ndiyo tatu, funga. Ukipata hapana moja, fungua hasi tena utafute. Usishangae injini ikitetema kidogo dakika za mwanzo baada ya betri kurudishwa. Kompyuta ya gari inajifunza upya.

Na kama utampa fundi kazi hiyo, si vibaya, kila mtu ana riziki yake. Ila simama naye. Muulize neno moja kabla hajashika koleo: "Soketi yangu utaikata?" Akisema ndiyo, mshukuru, chukua ufunguo wako, na umtafute mwingine. Redio utanunua tena inshallah, lakini nyaya zilizo nyuma ya dashibodi zikishika moto, hutapata muda wa kuchagua cha kuokoa.